KUVU YA MAHINDI HAIANZI GHALANI

Hotuba iliyosomwa kwa wanachama katika mkutano wa tawi. Tumeipiga chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kazini siku ile.



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza habari za mshahara, za mizani ya majani mabichi, za nyumba, na za mashine za kuchuma chai. Leo twataka kuzungumza habari ya gunia la mahindi. Msidhani kuwa tumeiacha kazi ya chama. Shilingi inayotoka mfukoni kwenda kununua unga kwa sababu mahindi ya nyumbani yameoza ni shilingi ya mshahara uleule tunaoupigania. Nyongeza iliyopatikana kwa mazungumzo marefu yaweza kuliwa na ukungu katika mwezi mmoja.

Tangu chai ilipoanza kupandwa kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, mchumaji ameishi kwa posho. Zamani posho ilipimwa kwa kibaba na mwajiri. Siku hizi wengi wetu twainunua kwa gorogoro, au twaleta mahindi kutoka shamba la nyumbani. Wengine nyumbani kwao ni Sigowet, Belgut, Bureti, Konoin au Longisa, na wengine hutoka Kisii, Nyamira na Kakamega. Na sasa ambapo mashine zimepunguza mikono katika mashamba makubwa ya chai, lile shamba la nusu ekari la nyumbani limekuwa tegemeo kuliko lilivyokuwa kwa wazee wetu.

Baada ya mavuno tulipita katika nyumba za wafanyakazi, na jambo moja tuliliona mara nyingi. Magunia yamepangwa chini ya kitanda, au yameegemezwa ukutani, na ukitia mkono ndani ya gunia waona joto. Gunia lenye joto ni gunia ambalo kuvu imekwisha kuanza kulila. Mwenyewe ukimwuliza, husema, "Tutafanyaje? Ni mvua tu."

Hapo ndipo tunapotaka kusimama leo. Mvua twanyeshewa sote, lakini jirani mmoja hutoa magunia safi na mwingine hutoa mabovu. Tofauti yao si bahati, ni mpango wa kazi. Kuvu inayoonekana ghalani mwezi wa Desemba ilipata njia yake shambani miezi mingi kabla ya hapo.

1. TUMJUE ADUI

Kuvu ni ndugu ya uyoga. Huzaa vumbi jembamba sana ambalo ndilo mbegu yake, na vumbi hilo huchukuliwa na upepo na matone ya mvua. Likitua juu ya jani au punje yenye unyevu, huota. Likikosa unyevu, hungoja. Kwa hiyo vita vyetu ni viwili: kuipunguzia kuvu mahali pa kungojea, na kuinyima unyevu.

Kwanza tusichanganye magonjwa. Mwaka 2011 mahindi ya Longisa, katika Bomet, yalishikwa na ugonjwa uliokausha majani kuanzia juu hata mmea mzima ukafa, na magunzi yakabaki bila punje. Ulikuwa ndio mwanzo wa ugonjwa huo kuonekana katika Kenya, kisha ukaenea katika nchi za jirani. Ugonjwa ule haukuwa wa kuvu. Ulitokana na virusi viwili vilivyokutana katika mmea mmoja, na virusi hivyo huenezwa na wadudu na pengine na mbegu. Waliotumia fedha zao kununua dawa ya kuvu walizitupa bure. Lakini kinga iliyofaa ilikuwa mbegu safi, kung'oa mimea yenye ugonjwa, na kuacha kupanda hindi juu ya hindi. Kinga hiyo ndiyo pia inayofaa kwa kuvu nyingi, nasi tungalipaswa kuishika hata baada ya hofu ya mwaka ule kupita.

Sasa hizi ndizo alama za kuvu katika mashamba yetu ya nyanda za juu:

Madoa ya kijivu. Ni madoa marefu yenye pande zilizonyooka, yakifuata mishipa ya jani. Huanza majani ya chini na kupanda juu.

Baka la majani. Ni madoa makubwa yenye umbo la mtumbwi, mapana katikati na membamba mwishoni. Hupenda baridi na umande, nasi tunavyo vyote viwili.

Kutu. Ni vipele vya rangi ya kahawia. Ukivipangusa kwa kidole, kidole hutoka na vumbi jekundu.

Masizi. Mbelewele au hindi lenyewe hugeuka kuwa unga mweusi. Unga huo ukianguka hukaa udongoni miaka kadhaa ukingojea hindi jingine.

Kuoza kwa hindi. Ukungu mweupe au wa waridi hushika punje hapa na pale, au wekundu hushuka kutoka ncha ya hindi, au weupe wenye kijivu hupanda kutoka kitako. Ukungu wa kijani kibichi chenye manjano ni wa kuogopwa zaidi, na sababu yake ni hii ifuatayo.

2. SUMU ISIYOONEKANA

Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba chakula chao kilikuwa na makapi ya karanga yaliyoingia ukungu. Ndipo ikajulikana sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu ya kijani tuliyoitaja, nayo huharibu ini.

Jambo hili si la batamzinga wa Ulaya peke yao. Mwaka 1981 watu wa Machakos waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 12 wakafa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Hawakula chakula cha ajabu. Walikula mahindi, na mengi yalikuwa ya mashamba yao wenyewe. Mahindi hayo yaliingizwa ndani ya nyumba kabla ya kukauka, na unyevu ukayaharibu humo.

Ndugu, tukisikia habari hiyo tukumbuke yale magunia chini ya kitanda.

Mtu atasema, "Huko ni kwenye joto, sisi tuko kwenye baridi." Ni kweli kwamba kuvu ile hupenda joto na ukame. Lakini gunia lenye unyevu hutoa joto lake lenyewe, hata Kericho. Tena kuvu za baridi, zile za waridi na nyekundu, nazo zina sumu zao.

Tena sumu hii haionekani. Ukungu waweza kupanguswa na sumu ikabaki ndani ya punje. Moto wa jiko hauiondoi, hata ukisonga ugali saa nzima. Kukoboa hupunguza, lakini hakumalizi. Kwa sababu hiyo sheria ya vipimo vya Kenya hairuhusu aflatoksini izidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja za mahindi. Hicho ni kipimo kidogo kuliko jicho lolote, basi mahali pa kuizuia ni kabla haijazaliwa.

3. KAZI KWA MAJIRA YAKE

Januari na Februari. Ondoa mabua ya mwaka uliopita. Kuvu ya madoa ya kijivu na ya kuoza kwa hindi hungojea ndani ya mabua yaliyoachwa juu ya ardhi. Walishe ng'ombe mabua yasiyo na ukungu, mengine yatie katika shimo la mbolea yaive vizuri, au yafukie kwa jembe. Kisha amua sehemu gani ya shamba haitapandwa hindi mwaka huu. Mwenye nusu ekari atasema hana nafasi ya kubadilisha. Agawe shamba lake mapande mawili: moja hindi, la pili viazi, maharagwe au mboga, na mwaka ujao yabadilishane. Viazi navyo ni chakula, na havichukui magonjwa haya ya hindi.

Huu pia ndio wakati wa kupima udongo. Udongo wa nchi ya chai ni mkali, nayo chai hupenda hivyo, lakini hindi hudhoofika ndani yake, na mmea dhaifu haushindani na ugonjwa. Tangu mwaka 2013 kazi ya kilimo iko chini ya serikali za kaunti. Mwone Bwana Shamba wa kaunti yako akueleze kama shamba lataka chokaa.

Machi, mvua zikianza. Panda mapema na jirani zako, msiachane kwa majuma mengi, maana hindi la nyuma hupokea vumbi la ugonjwa kutoka kwa hindi la mbele. Nunua mbegu iliyothibitishwa, na uulize mambo mawili kabla ya kulipa: je, yavumilia magonjwa ya majani ya mahali petu, na je, maganda yake hufunika ncha ya hindi barabara? Hindi lililo wazi nchani ni kikombe cha mvua. Usichukue mbegu katika mahindi ya mwaka jana ya aina ya chotara, maana hayarudishi nguvu ya mzazi.

Nafasi ya kupanda iwe sentimita 75 kati ya mistari na 25 au 30 kati ya mashimo, punje moja kwa shimo. Mtu mwenye shamba dogo hutamani kubana ili apate mengi. Lakini mahindi yaliyobanana hukaa na umande mpaka adhuhuri, na umande ndio unaoiotesha kuvu. Upepo upitao kati ya mistari ni dawa isiyouzwa dukani.

Aprili hadi Juni. Palilia mapema, na utie mbolea ya kukuzia kwa kipimo. Mwangalie bungua, yaani mdudu atoboaye mabua, na viwavijeshi wa aina mpya waliothibitishwa kuingia Kenya mwaka 2017. Kila tundu la mdudu katika hindi ni mlango wa kuvu. Ukiona masizi, kata sehemu hiyo kabla unga mweusi haujapasuka, itie katika mfuko, kisha ichome au uifukie mbali na shamba.

Wenye wimbi wasisahau kwamba nalo lina kuvu yake, ambayo huunguza shingo ya suke hata suke likanyauka kabla ya kujaa. Wasichukue mbegu katika shamba lililougua, na wang'oe yale majani ya porini yanayofanana na wimbi, maana kuvu hiyohiyo huishi humo. Wenye ngano upande wa Bomet wajue kwamba kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, iitwayo Ug99, husafiri kwa upepo kutoka nchi hata nchi. Hapo usafi wa shamba peke yake hautoshi. Mbegu yenye uvumilivu ndiyo ngao ya kwanza, na Bwana Shamba aulizwe kabla ya kupanda, si baada ya majani kugeuka rangi.

Mavuno. Kwetu huanza kati ya Agosti na Novemba kwa kadiri ya mahali na mbegu. Bandua punje moja utazame kitako chake. Ukiona alama nyeusi, hindi limekomaa na halipati tena chakula kutoka kwa mmea. Tangu siku hiyo kila mvua ni hasara. Desturi ya kukata mabua na kuyasimamisha kwa mafungu shambani si mbaya jua likiwaka, lakini mafungu yakikaa majuma mengi katika mvua, hindi huoza ndani huku nje laonekana zima.

Menya palepale na utenge mahindi mabovu palepale. Usiyachanganye ati utayachagua nyumbani.

Kukausha. Tandika turubai, wala usianike juu ya udongo mtupu, kwa kuwa udongo una unyevu na una kuvu. Kwetu mvua hupenda kuja alasiri. Anika asubuhi umande ukiisha, geuza mara kwa mara, na ufunike kabla ya wingu, si baada yake. Kama waweka mahindi katika kichanja kabla ya kupukuchua, kichanja kiwe chembamba, kisizidi mita moja kwa upana, nacho kipate upepo ubavuni. Usipukuchue kwa kupiga gunia kwa fimbo. Punje iliyopasuka haina ngozi ya kujikinga.

Jinsi ya kupima. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri. Tikisa kwa nguvu dakika moja, uache itulie dakika 15. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15, yarudishe juani. Isiposhika, yamekaribia. Lakini kwa kuweka katika gunia kipimo kitakiwacho ni asilimia 13.5 au chini yake, kwa hiyo yape tena siku mbili za jua. Kama kuna mashine ya kupimia au ya kukaushia karibu nanyi, changeni mwitumie.

Ghala. Gunia likae juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta. Ile mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa mahindi makavu, maana huwaua wadudu, lakini ukiitia mahindi yenye unyevu utakuwa umeifungia kuvu ndani pamoja na chakula chako.

4. "NITAVUNA LINI NAMI NI MTU WA KAZI?"

Hili ndilo swali tulilosikia katika kila nyumba, na ni swali la haki. Mchumaji huingia shambani mwa chai asubuhi na mapema, siku sita kwa juma. Nyumbani yuko mama mzee, au watoto. Basi hindi hungoja mpaka Desemba mwenyewe arudi kwa sikukuu, nalo limekwisha kunyeshewa miezi miwili tangu likomae. Tusimlaumu mtu huyu kwa uvivu. Amekosa siku tatu.

Siku hizo zipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa kila mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo kamili baada ya kila miezi 12 ya kazi. Sheria hiyohiyo yaruhusu likizo igawanywe mafungu kwa mapatano ya mwajiri na mfanyakazi. Kwa hiyo twawashauri wanachama: msingoje siku zote ziende Desemba. Ombeni mapema siku chache za wakati wa kuvuna, kwa maandishi, mkitaja tarehe. Mwakilishi wa kazi akusanye majina ya kila kikosi ili watu wapishane, na chai isilale. Ombi lililopangwa hivyo ni gumu kukataliwa kuliko la mtu mmoja mmoja anayekuja akilia siku ya mvua.

Pia tusaidiane. Wazee wa nchi hii walilima na kuvuna kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Watu wanane huvuna nusu ekari na kuimenya kwa siku moja. Turubai moja kubwa likinunuliwa kwa mchango wa nyumba sita laweza kuzunguka nyumba zote sita.

5. MAHINDI MABOVU YAENDE WAPI?

Hapa tutasema neno lisilopendeza. Wengi wetu tukichagua mahindi hatutupi mabovu. Huenda kwa kuku, huenda kwa ng'ombe, huenda kwa mpika busaa, na mwaka wa njaa huchanganywa na mazuri yakasagwa. Twadhani tumeokoa kitu.

Ng'ombe akila sumu ile, sehemu yake hutoka katika maziwa muda si mrefu, nayo maziwa hayo ndiyo anayopewa mtoto. Kuku hudumaa na kufa. Katika busaa, kuchacha hakuitoi sumu wala kukaanga machicha hakuitoi, na mnywaji ni mwenzetu aliyepokea mshahara leo. Ukiyachanganya na mazuri ukauza kwa debe, umeuza ugonjwa kwa mfanyakazi kama wewe.

Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, au zenye harufu ya uvundo, zifukie shimoni au uzichome. Twajua ni uchungu. Gunia la kilo 90 ni gorogoro 45, na anayetupa robo yake ametupa gorogoro 11. Uchungu huo ndio utufundishe kuanza mapema, ili mwaka ujao tusiwe na robo ya kutupa. Na wale wanaonunua wafungue gunia mpaka chini, wanuse, watie mkono waone kama lina joto, na wasione haya kukataa.

6. NENO LA MWISHO

Ndugu, hatukuleta dawa ya ajabu. Tumeleta mambo ambayo mengi mnayajua: kubadilisha pande la shamba, mbegu nzuri, nafasi, palizi, kuvuna kwa wakati, turubai, chupa ya chumvi, na mbao chini ya gunia. Kila moja peke yake ni dogo. Anayefanya moja na kuacha saba atalia pamoja na asiyefanya lolote, kwa kuwa kuvu hupita katika mlango mmoja ulioachwa wazi.

Kabla ya msimu kuanza twaomba kila kikosi kifanye mambo matatu. Kwanza, kichague mtu mmoja wa kumwendea Bwana Shamba kuuliza habari za mbegu na udongo. Pili, kiandike majina na tarehe za wale watakaoomba likizo ya mavuno, na orodha ifike kwa mwakilishi wa kazi. Tatu, nyumba zianze kuchanga kidogo kidogo za turubai.

Tukidai mshahara, twadai ili watoto wetu wale. Itakuwa hasara gani basi, baada ya kushinda mezani pa mazungumzo, tushindwe na ukungu chini ya kitanda chetu wenyewe! Leo jioni kila mtu akifika nyumbani, atie mkono katika gunia lake. Akiona joto, asingoje kesho kutwa.

Umoja ni nguvu.